Massey Ferguson: Trekta kuukuu ambalo Bonga hawataki kuliacha

UKITOKA Babati mjini na kushika barabara ya Kondoa kuelekea Dodoma, Mlima Kwaraa ukiwa ubavuni mwako, huchukui muda mrefu kufika Bonga. Hapa ni nchi ya mahindi na mbaazi. Mvua za kwanza zinapokaribia, wanaomiliki matrekta huanza kuyatoa chini ya miti, huyamwagia maji, huyapaka grisi na kuyawasha. Mengi kati ya yanayoitikia ni ya umri wa mtu mzima, na rangi yake, hata pale ilipobabuka, bado inajulikana: nyekundu ya Massey Ferguson.

Swali ambalo mtu wa mjini hujiuliza ni jepesi. Kwa nini mkulima ambaye amepata fedha kidogo baada ya kuuza mavuno huzunguka akitafuta Massey iliyotengenezwa kabla yeye hajazaliwa, wakati madukani yapo matrekta mapya yanayong'aa, tena yenye dhamana ya kiwanda?

Jibu la haraka ni umaskini, lakini jibu hilo halitoshi. Wapo wenye uwezo wa kukopa na kununua jipya ambao bado huchagua la zamani, na hata wakinunua jipya la zamani hawaliuzi. Hapa kuna mapenzi, na ndani ya mapenzi hayo kuna hesabu. Msomaji anayefikiria kununua trekta msimu ujao anahitaji kujua wapi mapenzi yanamsaidia na wapi yanaweza kumfilisi.

Mapenzi ya chapa

Duniani kupenda chapa ya zamani si jambo geni. Wapo watu Ulaya na Marekani ambao hutafuta saa za mkono za miaka ya 1960 kama wachimbaji wanavyotafuta tanzanite Mirerani. Oktoba 2017, saa moja aina ya Rolex Daytona iliyowahi kuvaliwa na mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Saa hiyo haionyeshi wakati kwa usahihi kuliko saa ya kawaida ya dukani. Kilichonunuliwa ni jina, historia na uchache wake.

Karibu zaidi na nyumbani, Oktoba 2024 wamiliki wa Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha lao, wakiwa na magari mapya na yale makuukuu ambayo wengi walidhani yameshauzwa kama chuma chakavu. Hakuna aliyewalazimisha. Waliliendea jina.

Tofauti ya mkusanyaji wa saa na mkulima wa Bonga ni moja. Wa kwanza hufungia mali yake kabatini ili isichakae. Wa pili huamka nayo saa kumi na moja alfajiri na kuiingiza shambani. Mapenzi ya mkulima hupimwa kila siku kwa ekari, na chapa isiyolima haipendwi hata iwe na historia gani.

Rangi nyekundu ilikotoka

Historia ya trekta hili inaanza kwa mtoto wa mkulima wa Ireland, Harry Ferguson, aliyezaliwa mwaka 1884. Matrekta ya ujana wake yalikuwa mazito, na jembe liliburutwa nyuma kwa mnyororo au chuma kama linavyoburutwa na ng'ombe. Jembe liliponasa kwenye kisiki, magurudumu ya mbele yaliinuka na trekta liliweza kumpindukia dereva.

Ferguson alitafuta njia ya kulifanya jembe na trekta kuwa kitu kimoja. Alifunga jembe kwa mikono mitatu nyuma ya trekta, miwili chini na mmoja juu, na nguvu ya mafuta ya haidroliki ikawa inaliinua na kulishusha. Jembe linapovutwa ardhini, uzito wake na wa udongo huyakandamiza magurudumu ya nyuma, hivyo trekta dogo na jepesi huweza kulima bila kuteleza na bila kuinuka mbele. Leo karibu kila trekta la shambani duniani, la chapa yoyote ile, linatumia mikono hiyo mitatu. Mkulima wa Bonga anayefunga jembe la sahani nyuma ya trekta lake anatumia wazo la mtu huyo.

Mwaka 1938 Ferguson alikubaliana na Henry Ford wa Marekani kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi, na mwaka uliofuata trekta lao likaingia sokoni. Baada ya vita makubaliano hayo yalivunjika, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1952 Ferguson akalipwa dola milioni 9.25. Wafanyabiashara wanaopeana mali kwa neno la mdomo wana la kujifunza hapo.

Wakati huo Ferguson alikuwa ameshaanza kutengenezewa trekta lake mwenyewe huko Coventry, Uingereza. Hilo ni TE20, la rangi ya kijivu, lililoanza mwaka 1946 na kufikia zaidi ya 500,000 kabla halijaachwa mwaka 1956. Januari 4, 1958, msafara wa Edmund Hillary ulifika Ncha ya Kusini ya dunia ukiendesha matrekta hayo juu ya barafu. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mashamba madogo kikapata sifa ambayo hakuna tangazo lingeweza kuinunua.

Mwaka 1953 kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris ya Canada, na baada ya miaka michache jina likafupishwa kuwa Massey Ferguson. Mwaka 1959 ikainunua kampuni ya injini za Perkins ya Peterborough. Hatua hii ndiyo iliyoleta mapenzi ya kweli. Injini ya dizeli ya awali katika Massey 35 ilisumbua kuwaka, hasa wakati wa baridi. Ilipobadilishwa na kuwekwa Perkins ya pistoni tatu, sifa ya trekta ikabadilika pia.

Mwishoni mwa mwaka 1964 zikatoka 135, 165 na 175. Massey 135 ina nguvu za farasi zipatazo 45 na injini hiyo hiyo ya pistoni tatu. Massey 165 ina pistoni nne na nguvu za farasi karibu 60. Katikati ya miaka ya 1970 zikafuata 265, 275 na 290, na baadaye 240. Ukisimama pembeni mwa shamba la Babati wakati wa kilimo, namba hizo ndizo utakazozisoma ubavuni mwa boneti.

Mapenzi yanavyoanza

Mapenzi ya chapa hayaanzi kwa tangazo. Kwa trekta, huanza kwa mambo manne.

La kwanza ni fundi. Massey za zamani hazina kompyuta. Karibu kila kitu ndani yake ni chuma kinachoonekana kwa macho na kufunguliwa kwa spana. Kijana aliyeanza kwa kumshikia fundi taa na spana gereji, baada ya misimu michache huweza kushusha kichwa cha injini, kubadili ringi za pistoni, kusaga valvu na kurudisha kila kitu mahali pake. Ujuzi huo hurithishwa. Trekta likiharibikia shambani, fundi hupatikana kwa bodaboda. Kwa trekta jipya la chapa ngeni, mtaalamu pengine hutoka Arusha au Dar es Salaam, na huanza kuhesabu malipo akiwa njiani.

La pili ni spea. Massey Ferguson haikutengenezwa Uingereza peke yake. Kampuni ya TAFE ya Chennai, India, ilianza mwaka 1960 kwa ushirikiano na Massey. Millat ya Lahore, Pakistan, ilianza mwaka 1964 na kuendelea kutengeneza Massey 240, 260, 375 na 385. Yugoslavia ya zamani ilitengeneza IMT kwa leseni ya Massey, na Poland ilichukua leseni kwa ajili ya Ursus mwaka 1974. Kwa sababu hiyo, pistoni, beringi, sahani za klachi na pampu zinazofanana zimezalishwa katika nchi nyingi kwa miaka mingi. Injini za Perkins nazo zilifungwa kwenye jenereta, mashine za kubebea mizigo na mitambo ya ujenzi. Spea ikikosekana duka hili, duka la tatu inapatikana.

La tatu ni bei ya kuuza. Trekta jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake siku linapotoka dukani. Massey kuukuu iliyotunzwa imeshapoteza ilichokuwa ipoteze. Mwenye nayo akiuguliwa au akitaka ada ya shule, huweza kuiuza kwa bei isiyo mbali sana na aliyonunulia, kwa sababu wanunuzi wapo na wanaifahamu. Kwake trekta ni zana ya kilimo na pia ni akiba, kama ng'ombe.

La nne ni kumbukumbu. Wengi walikua wakiona trekta la kijiji, la mmisionari, la shamba la serikali au la tajiri mmoja wa kata, na lilikuwa jekundu. Mtoto aliyekimbia nyuma ya trekta akiokota viazi vilivyofukuliwa na jembe, akikua na kupata fedha, hulinunua lile alilolikimbilia. Mkusanyaji wa saa wa London hana tofauti naye hapo. Wote wawili wananunua kitu walichokitamani kabla hawajawa na uwezo.

Aidha, wakulima wameona chapa nyingine zikija na kuondoka. Miaka ya 1980 matrekta ya Valmet kutoka Finland yaliunganishwa Kibaha. Baada ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, yaliletwa matrekta ya Farmtrac na New Holland kutoka India kupitia SUMA JKT mwaka 2011, pamoja na matrekta mengi madogo ya mkono. Miaka michache baadaye Kibaha ikaunganisha Ursus. Katika mipango hiyo yapo matrekta yaliyofanya kazi nzuri. Lakini mkulima hatazami siku ya uzinduzi, hutazama mwaka wa sita, wakati pampu imekufa na mradi umekwisha. Chapa inayopatikana spea mwaka wa 40 humshinda yeyote anayeahidi.

Mnada mmoja, wanunuzi wawili

Massey nyingi za zamani zinazoingia nchini kwa njia ya biashara hutoka Uingereza. Huko kuna minada ya mitambo ya kilimo, mmojawapo ukiwa ule wa Cheffins karibu na Ely, ambako trekta la mzee aliyestaafu kilimo husimamishwa kwenye mstari pamoja na mengine mamia, na wanunuzi hutoka kila pembe ya dunia.

Katika mstari huo mkulima wa Bonga, kupitia mfanyabiashara wake, hukutana na mshindani asiyemjua: mkusanyaji. Uingereza wapo watu wanaonunua Massey 35 na 135 si kwa kulima, bali kwa kuzirudishia rangi yake ya kwanza, kuzipeleka kwenye maonyesho ya vijijini na kuzitazama. Mtu huyo hulipa zaidi kwa trekta lenye boneti lisilobondwa, taa za asili na kibati cha namba ya kiwandani kisichoguswa. Matrekta hayatengenezwi tena, kwa sababu kiwanda cha Coventry, kilichotoa matrekta zaidi ya milioni tatu, kilifungwa kufuatia uamuzi wa mwaka 2002. Kila mwaka yaliyobaki hupungua.

Maana yake kwa mnunuzi wa Tanzania ni kwamba sehemu ya bei ya Massey 135 nzuri ni bei ya mapenzi ya watu wa mbali. Kama nia yako ni kulima, huna sababu ya kushindana nao. Trekta lililobabuka rangi, boneti limekunjwa, lakini injini na gia nzima, kwa mkusanyaji halina thamani na kwako ni mali. Vivyo hivyo Massey 165, 265 na 290, ambazo ni kubwa na hazimvutii sana mwenye bustani ndogo ya maonyesho, ndizo zinazovuta jembe la sahani tatu bila kulalamika katika udongo mzito.

Hesabu ya msimu

Sasa tuje kwenye fedha. Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo si bei za soko la leo. Zimewekwa ili kuonyesha njia ya kuhesabu, na kila mmoja aweke zake.

Tuseme Massey kuukuu ni shilingi 25,000,000 na trekta jipya la ukubwa huo ni 60,000,000. Kila moja linalima ekari nane kwa siku, kwa siku 50 za msimu, yaani ekari 400. Bei ya kulima ekari ni 50,000. Mapato ni 20,000,000 kwa kila trekta.

La zamani linakula dizeli, oili na malipo ya dereva 25,000 kwa ekari, jumla 10,000,000. Fundi na spea ni 4,000,000. Linabaki na 6,000,000. Jipya linakula 22,000 kwa ekari, jumla 8,800,000, na matengenezo 1,500,000. Linabaki na 9,700,000. Mpaka hapo jipya limeshinda.

Lakini fedha za kununulia zimetoka wapi? Kama ni mkopo wa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza kwa trekta la zamani ni 3,750,000 na kwa jipya ni 9,000,000. Ukitoa riba, la zamani linabakiza 2,250,000 na jipya 700,000. Mwenye Massey amemzidi mwenye jipya zaidi ya mara tatu, na deni lake ni chini ya nusu.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina mtego. Tumechukulia kwamba trekta la zamani limelima siku zote 50. Kila siku linapolala kwa ubovu, ekari nane hazilimwi, na mwenye nalo anakosa 200,000 baada ya kutoa dizeli na dereva. Likilala siku nane tu, faida imeshuka hadi 650,000, chini ya ile ya trekta jipya. Likilala siku 12, amefanya kazi ya kulisha benki na fundi, na yeye mwenyewe amepata hasara.

Kwa upande mwingine, hatujahesabu kushuka kwa bei ya chombo, ambako jipya huumia zaidi. Wala hatujahesabu kwamba mwenye ekari nyingi za uhakika, anayelima, kupiga haro, kuvuta tela na kupukuchua mahindi mwaka mzima, huweza kulifanya trekta jipya lijilipe. Kanuni ni hii: mwenye kazi chache na mtaji mdogo, la zamani linamfaa mradi halilali. Mwenye kazi nyingi na mkataba mkononi, jipya lina nafasi yake.

Kwa hiyo tofauti ya faida na hasara ya Massey kuukuu iko kwenye zile siku nane. Anayelipenda trekta lake kwa maneno hulipeleka kwa fundi linapokwama. Anayelipenda kwa vitendo hulifungua Agosti, kabla ya msimu, na kununua mapema filta, mkanda wa feni, gasketi na mipira ya haidroliki akaiweka ndani.

Kabla hujatoa fedha

Rangi mpya si trekta jipya. Kopo chache za rangi nyekundu huweza kuficha miaka 20 ya mateso. Anayenunua azingatie haya.

Omba trekta uliwashe mwenyewe likiwa la baridi. Likiwa limeshapashwa moto kabla hujafika, uliza sababu. Tazama moshi: wa bluu unaoendelea unaonyesha injini inakula oili, mweusi mzito huonyesha dizeli haiungui vizuri, pengine nozeli au pampu, mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto huweza kuwa maji yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha rejeta na cha oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo.

Funga jembe, liinue, kisha liache juu injini ikiwa inaunguruma. Likishuka lenyewe au likitetemeka, haidroliki ina tatizo. Katika Massey za aina hii pampu ya haidroliki imo ndani ya nyumba ya gia na hutumia oili hiyo hiyo, hivyo oili chafu ya gia huua pampu. Hiki ndicho kifo ambacho wamiliki wengi hujiletea wenyewe kwa kuona oili ya nyuma haina haja ya kubadilishwa.

Lima nalo. Gia inayoruka yenyewe mzigo unapoongezeka haitaonekana kwenye uwanja wa tambarare. Kagua mahali palipochomelewa kwenye ekseli ya mbele na kwenye mikono mitatu ya nyuma. Saa iliyoandika muda wa kazi usiiamini, kwa kuwa hubadilishwa.

Linganisha kibati cha namba ya kiwandani na kadi ya usajili. Namba hiyo ndiyo inayoeleza mwaka na kiwanda. Massey 240 ya Lahore si mbaya, imelima mashamba mengi, lakini usiuziwe kama ya Coventry. Tembea na fundi wako, si wa muuzaji, na mlipe. Ujira wake wa siku moja ni mdogo kuliko bei ya klachi. Kwa zana mpya zisizofahamika, wakulima wa kaskazini wana kituo cha CAMARTEC jijini Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho kazi yake ni pamoja na kupima zana za kilimo.

Neno moja kuhusu udongo. Jembe la sahani likipita kina kile kile miaka yote huacha gamba gumu chini, na maji ya mvua hushindwa kupenya. Kwenye miteremko ya Babati, kulima kwa kufuata mteremko kwa sababu dereva anaona ni rahisi ni kuupeleka udongo mtoni. Mwenye shamba amwambie dereva alime kwa kukinga mteremko, na kila baada ya misimu kadhaa atafute jembe la kupasua chini badala ya sahani.

Mbaazi zikianguka, trekta hulala

Mwenye trekta wa Bonga hategemei mvua tu, anategemea pia soko la India. Mbaazi za Babati huuzwa nje, na fedha zake ndizo ambazo wakulima wengi hulipia kilimo cha msimu unaofuata. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa kiasi cha mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei mashambani Tanzania ikaporomoka. Mkulima aliyeuza mbaazi kwa bei ya kutupa hana cha kumlipa mwenye trekta. Hurudi kwa ng'ombe, hupunguza ekari, au huomba kulimiwa kwa mkopo.

Hapo ndipo ukubwa wa deni unapoamua nani atabaki kwenye biashara. Mwenye trekta lisilo na deni hulisimamisha chini ya mti na kungoja mwaka mwingine. Mwenye marejesho ya benki kila mwezi hana nafasi ya kungoja. Trekta kuukuu linampa mmiliki wake kitu ambacho hakiandikwi kwenye daftari la mauzo: uwezo wa kuvumilia mwaka mbaya.

Jina hulindwa

Kwa wafanyabiashara wadogo, kuna fundisho jingine. Chapa hii imebadilisha wenyewe mara kadhaa. Tangu mwaka 1994 ni mali ya kampuni ya AGCO ya Marekani, na Perkins ilishauzwa kwa Caterpillar mwaka 1998. Mwaka 2024 AGCO na TAFE ya India ziliingia katika mgogoro, jina hilo likiwa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa, na mwaka 2025 zikapatana kwamba TAFE ilimiliki nchini India, Nepal na Bhutan. Kampuni kubwa hazigombani mahakamani kwa ajili ya rangi nyekundu. Zinagombania imani ambayo wakulima waliijenga kwa kuona trekta likiwaka asubuhi baada ya asubuhi.

Muuza spea wa Babati anayechanganya gasketi halisi na za bandia kwenye boksi moja anaiharibu imani hiyo na jina lake mwenyewe. Muuza mbaazi anayetia mchanga kwenye gunia anafanya hivyo hivyo, kwa sababu jina la Babati katika soko la mbaazi nalo ni chapa. Fundi anayesema "kesho" kwa wiki mbili katikati ya msimu naye amejitoa sokoni.

Anayetaka kununua Massey kuukuu mwaka huu asione haya mbele ya wenye matrekta mapya. Ahesabu ekari zake, ajue riba yake, atembee na fundi wake, na fedha za spea za msimu wa kwanza aziweke kando kabla hajalipa bei ya trekta. Asipokuwa nazo, bado hajawa na fedha za kununua trekta hilo.